Kabla ya kununua betri mpya, mwambie fundi apime

Malori yanayoingia nchini kupitia Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam hukatiza Mbeya, hupita Makambako na kuendelea Ipogoro, chini ya mji wa Iringa. Baadhi yamebeba shaba na kobalti za migodi ya Kongo. Kobalti hiyo huenda hadi viwanda vya Asia, ikaingia kwenye betri za simu na kompyuta, na miaka kadhaa baadaye sehemu yake hurudi kwa barabara hiyohiyo ikiwa ndani ya laptop za mtumba kutoka Dubai na Ulaya, zilizopitia Kariakoo. Mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa au cha MUST anapopata boom, yaani pesa ya mkopo wa masomo, na kununua mojawapo, ananunua pia uchakavu ambao hakuuona ukitokea.

Baada ya muda malalamiko huwa yaleyale: laptop inawaka ikiwa kwenye umeme tu, ukichomoa inazima. Kwenye meza nyingi za mafundi, kuanzia Mwanjelwa, Mbeya, hadi Miyomboni, Iringa, jibu huja haraka kwamba betri imekufa, leta hela ya nyingine. Mara nyingine ni kweli. Lakini tatizo la chaji linaweza kuwa kwenye waya, kwenye chaja, kwenye tundu au kwenye mpangilio wa mashine, na yote hayo kwa kawaida hurekebishika kwa hela ndogo kuliko bei ya betri. Betri isihukumiwe kwa kuangaliwa kwa macho. Ihukumiwe kwa kipimo.

Uchunguzi uanzie ukutani. Maji ya Ruaha Mkuu, yanayokusanyika kutoka mikoa yetu ya Mbeya na Iringa, huzungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204, lakini hilo halimzuii mkazi wa Kihesa au Uyole kukatikiwa na umeme katikati ya kazi. Kukatika kwenyewe hakuiumizi sana chaja. Chaja nyingi za laptop hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata umeme mdogo wa jioni huuvumilia. Kinachoua ni kishindo cha umeme unaporudi, na radi za msimu wa mvua zinazopiga nyanda zetu za juu kuanzia Novemba hadi Aprili. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke. Kabla ya kwenda kwa fundi, jaribu pia soketi nyingine bila ekstensheni. Ekstensheni iliyolegea hufanya chaji ije na kupotea, na mwenye laptop akadhani betri ndiyo inayosumbua.

Kisha isome chaja. Nyuma yake pameandikwa volti na ampea inazotoa, kwa mfano volti 19.5 na ampea 3.33, yaani wati 65. Volti lazima ilingane na inayotakiwa na mashine. Ampea inaweza kuzidi bila madhara kwa sababu mashine huvuta kiasi inachohitaji, ila isipungue. Fundi mwenye mita hupima ncha ya chaja kwa muda mfupi tu, na akikuta volti haipo au inacheza waya unapokunjwa, mgonjwa amepatikana. Waya hukatikia zaidi kwenye shingo, pale unapoingia kwenye ncha, kwa sababu ndipo tunapoukunja kila siku.

Kuna ugonjwa mmoja unaostahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu unawapotosha wengi. Chaja nyingi za Dell zina pini nyembamba katikati ya ncha. Pini hiyo haileti umeme wa kuendesha mashine. Huieleza mashine kwamba chaja hii ni yake na ina wati ngapi. Ikivunjika, au uzi wake ukikatika ndani ya waya, laptop itawaka vizuri kabisa lakini itakataa kuchaji betri na hata itapunguza kasi yake. Mwenye mashine ataambiwa betri imekufa, atanunua mpya, na mpya nayo haitachaji. Kwa zile zinazochajiwa kwa Type-C hali ni karibu hiyohiyo: chaja ndogo ya simu inaingia kwenye tundu, lakini nguvu yake haitoshi mashine inayotaka wati 45 au 65.

Tundu lenyewe likicheza, linatakiwa kubadilishwa au kuchomelewa upya. Usiliwekee kijiti au karatasi ili ncha ibane, maana mguso uliolegea hutoa cheche na joto linaloweza kuunguza ubao wa ndani. Na ukikuta chaji inagoma kila siku kwenye asilimia 80, usiende kwa fundi kabla hujakagua mipangilio. Lenovo, HP na Dell zote zina mpangilio wa kuzuia betri isijae ili iishi muda mrefu, na laptop nyingi za mtumba zilitoka maofisini zikiwa zimewekewa hivyo.

Yote hayo yakiwa salama, ndipo tuigeukie betri. Ndani yake chaji za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, na upande unaozipokea wakati wa kuchaji umetengenezwa kwa kinywe, madini yaleyale yaliyopo Mahenge, mkoa jirani wa Morogoro. Kila safari huacha lithiamu kidogo imenasa juu ya kinywe, isirudi tena kazini. Ndiyo maana betri nyingi, baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500, hubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Hakuna programu wala ujanja wa fundi unaoirudisha lithiamu hiyo.

Kwenye Windows kipimo chake ni bure. Tafuta cmd, ifungue, andika powercfg /batteryreport kisha bonyeza Enter. Mashine itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki leo. Tuseme wa kwanza unasema 46,500 na wa pili 23,000: betri imebaki nusu. Omba ripoti hii dukani kabla ya kulipia laptop ya mtumba. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Baridi yetu nayo ina lake. Juni na Julai betri huonekana kuisha mapema kwa sababu kemia yake hupoa ikawa nzito, lakini uwezo hurudi ikipata joto la chumba. Laptop iliyosafiri usiku kwenye jalidi la Kitulo isichajiwe papo hapo, kwani kuchaji chini ya nyuzi 0 huweza kuiharibu kwa namna isiyorekebishika. Adui mkubwa hata hivyo ni joto, na joto hilo tunalitengeneza wenyewe tunapojifunika na kuiweka laptop juu ya blanketi, matundu ya hewa yakazibwa. Weka hata ubao au kitabu kigumu chini yake. Na ule ushauri wa kuiacha betri iishe hadi sifuri ndipo ichajiwe ni wa betri za zamani za nikeli. Ya lithiamu huumia.

Padi ya kipanya ikiinuka au kifuniko kikakataa kufunga, betri imevimba kwa gesi. Zima, chomoa, usiibonyeze wala kuitoboa. Hili si jambo la kudharau: mwaka 2006 Dell iliomba zirudishwe betri milioni 4.1 zenye seli zilizotengenezwa na Sony kwa hofu ya moto, na hizo zilikuwa halisi, si feki. Kwa hiyo betri iliyofunguliwa na kujazwa seli kuukuu, hata ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, isiingie nyumbani kwako.

Betri zilizotolewa nazo zinaishia jalalani, na taka zetu nyingi huchomwa moto. MUST inafundisha wahandisi. Mkwawa, Chuo Kikuu cha Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa vina maelfu ya wanafunzi wenye laptop. Naviomba vyuo hivi viweke meza ya kupima betri bure na pipa la chuma lenye mchanga la kukusanyia zilizokufa, kisha vikae na mamlaka ya mazingira na halmashauri kupanga namna ya kuziondoa salama.