Nyumba Moja, Idi Mbili

Maswali ya Barazani: Sehemu ya Nne

Tangu safu hii ianze nimepokea barua nyingi, na swali linalojirudia kuliko yote ni la mwandamo wa mwezi. Barua iliyolieleza vizuri zaidi imetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Anakaa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Asubuhi aliyoisimulia, watu wa chumba cha mbele walikwisha kuoga, wakavaa nguo mpya na kwenda kuswali Idi. Yeye na watu wa chumba cha pili walikuwa wamekula daku saa kumi alfajiri na wamefunga. Ilipofika saa nne ua mzima ulinukia pilau, bizari na karafuu, na mwanawe wa miaka minane, aliyejikaza kufunga karibu mwezi wote, akawa anawatazama wenzake wakihesabu hela za sikukuu. Akamuuliza mama yake, "Kwani Mungu ametupa Idi ngapi?"

Mama anasema swali la mtoto lilimshinda, lakini kilichomuuma hasa ni maneno ya watu wazima. Mwanamume wa chumba cha mbele alisema kwa sauti kwamba anayefunga siku ya Idi anatenda haramu. Akajibiwa kutoka upande wa pili kwamba anayekula mchana wa Ramadhani hana dini.

Hebu tuanzie kwenye maneno hayo mawili, kwa sababu yote mawili yana msingi. Kufunga siku ya Idi ni haramu, na maulamaa hawana hitilafu juu ya hilo. Kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni dhambi kubwa, nalo halina mjadala. Kwa hiyo jirani hawa hawagombani kwa ukaidi mtupu. Kila mmoja anamwona mwenzake akitumbukia katika kosa ambalo dini imelikataza waziwazi. Ugomvi wote umeegemea jambo moja lililotangulia hapo: je, leo ni siku ya ngapi? Na jawabu la swali hilo linategemea mambo mawili, mahali mtu aliposimama duniani na kanuni anayoifuata.

Mwezi hulizunguka anga na kulikuta jua tena baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hesabu kamili 29.53. Ndiyo maana mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na mwaka wake huwa na siku zipatazo 354, pungufu kwa siku 11 kuliko mwaka wa Januari mpaka Desemba. Mwezi unapokutana na jua, upande wake uliotuelekea huwa giza tupu. Wanafalaki husema hapo mwezi umezaliwa. Kuzaliwa huko hutokea kwa wakati mmoja kwa dunia nzima, na hesabu yake inajulikana hadi dakika, miaka mingi kabla. Kuonekana ni jambo jingine. Mwezi husogea mbali na jua kwa karibu nusu digrii kila saa, na Mfaransa André Danjon aliyelichunguza suala hili katika miaka ya 1930 alikadiria kwamba ukiwa chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua, uzi wake wa mwanga hauonekani kabisa. Kwa kawaida, basi, hupita zaidi ya nusu siku tangu kuzaliwa mpaka jicho la binadamu liupate.

Hapa wengi huuliza swali la haki. Makka iko longitudo 39.8 mashariki, Mombasa 39.7, Dar es Salaam 39.3. Saa zetu na zao ni zilezile, na jua lao likizama letu nalo linazama karibu wakati huohuo. Vipi wauone wao nasi tusiuone?

Jawabu ni kwamba tofauti iko kati ya kaskazini na kusini. Njia ya mwezi kutoka pale jua lilipozama haipandi wima kila mahali. Mwezi Machi, jioni ya Makka, njia hiyo husimama karibu wima, na mwezi mchanga hubaki juu kadiri inavyowezekana. Jioni hiyohiyo Dar es Salaam njia imeinama kuelekea kaskazini, kwa hiyo mwezi uleule unakuwa chini kidogo na unawahi kuzama. Ikifika Septemba mambo hugeuka, sisi tunapata njia iliyosimama zaidi na Makka wanapata iliyolala. Juu ya hayo kuna mawingu. Kuanzia Machi hadi Mei pwani yetu iko katika masika, na wingu jembamba la magharibi linatosha kuwanyima mji mzima. Anga ni moja, lakini kila mji una dirisha lake.

Mzee yeyote aliyewahi kwenda kuutazama mwezi pale Forodhani Unguja au kwenye mapaa ya Lamu anajua kazi hiyo ilivyo. Jua likishazama hukimbilii kutazama, unangoja weusi uingie kidogo. Unaweka alama ya mahali jua lilipozamia, unapandisha macho taratibu, kisha unapeleka kulia na kushoto. Kwetu karibu na ikweta mwezi huwa umelala chali kama dau, pembe zake zinatazama juu, na mgeni aliyezoea kuuona Ulaya umesimama wima huweza kuupitisha macho asiujue. Ndiyo maana kadhi mwenye uzoefu akijiwa na shahidi humhoji. Uliuona upande gani wa jua? Pembe zilielekea wapi? Ulikuwa juu kiasi gani, na ulizama saa ngapi? Mtu aliyeona moshi wa ndege au ncha ya wingu hujikwaa papo hapo.

Mfano wa karibu ni Idi ya mwaka 2025. Jumamosi tarehe 29 Machi mwezi ulizaliwa kiasi cha saa nane mchana kwa saa zetu, tena kwa kupatwa kwa jua kulikoonekana Ulaya na kaskazini magharibi ya Afrika. Jua lilipozama Makka, mwezi haukuwa umetimiza hata saa tano na ulikuwa umeachana na jua kwa digrii zisizofika nne. Hata hivyo Saudi Arabia ilitangaza Idi Jumapili tarehe 30. Tanzania ilitangaza Jumatatu tarehe 31. Wapo waliokwenda na tangazo la kwanza na wapo waliongoja la pili, mtaa mmoja, na kama tulivyoona, ua mmoja.

Sasa tuje kwenye kanuni. Amri ya Mtume (S.A.W.) ni kufunga kwa kuuona mwezi na kufungua kwa kuuona, na ukifichwa na mawingu tukamilishe thelathini. Kilichobaki kwa maulamaa ni kujua amri hiyo anaambiwa nani, watu wa kila mji au Waislamu wote kwa pamoja. Tofauti hiyo ni ya tangu zama za masahaba. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Kurayb, aliyetumwa Sham kwa Muawiya. Huko mwezi ulionekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa Ramadhani, Ibn Abbas akamwambia kwamba wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi na wataendelea kufunga mpaka wauone au watimize thelathini. Kurayb akauliza kama kuona kwa Muawiya hakutoshi. Ibn Abbas akakataa, akasema hivyo ndivyo Mtume alivyowaamrisha.

Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, yamejengea juu ya habari hii: miji iliyo mbalimbali kimwandamo kila mmoja una mwezi wake, na Imamu Nawawi ameitilia nguvu rai hiyo. Rai iliyo mashuhuri kwa Hanafi, Maliki na Hanbali ni kwamba mwezi ukithibiti mahali pamoja unawalazimu wote waliofikiwa na habari. Zamani tofauti hiyo haikuwa na uzito hapa kwetu, kwa sababu habari ya Makka isingefika Pangani kabla pilau haijaliwa na kusahauliwa. Redio ndiyo iliyoleta mtihani, na simu ya mkononi imeufikisha kitandani. Leo mtu analala na nia ya kufunga, anaamshwa na ujumbe kwamba Saudia wametangaza.

Mimi nafuata mwandamo wa hapa, na sifichi. Naona habari ya Ibn Abbas iko wazi, na naona faida ya mji kuwa na neno moja. Pia nasimama na Taqiyuddin Subki, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1355, aliyesema kwamba hesabu ya uhakika ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyedai kuuona urudishwe, kwani shahidi mkweli naye hukosea. Lakini kuchagua kwangu hakunipi ruhusa ya kumwita jirani yangu fasiki. Amefuata rai ya maimamu watatu kati ya wanne. Kama yeye amepotea, basi na tuwapoteze hao pia, na hakuna mwenye elimu atakayethubutu.

Tena hili la kuishi na kalenda mbili si geni kwetu. Mabohora wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hawangoji kuuona mwezi. Wana kalenda ya hesabu waliyoirithi tangu dola ya Mafatimi, miezi ya siku 30 na 29 ikipokezana, na miaka 11 katika kila 30 ikiongezwa siku moja. Aghalabu Ramadhani yao hutangulia ya majirani zao kwa siku moja au mbili. Mabaraza ya Mji Mkongwe yamewaona wakisherehekea kabla ya wengine vizazi na vizazi, na sikupata kusikia ngumi zimepigwa kwa ajili hiyo. Wakristo nao wanalo la kwao: mwaka 2024 Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti ilikuwa Machi 31, na ya Waorthodoksi, ambao wapo Kenya, Uganda na Tanzania, ikawa Mei 5. Mwaka uliofuata zote mbili zikaangukia Aprili 20. Ikiwa tumeweza kumwacha Mbohora na siku yake, tunashindwaje kwa ndugu tunayesimama naye safu moja msikitini?

Na hapa nataka wasomaji waniazime masikio, maana vitabu vyetu vya fiqhi vimesema jambo ambalo barazani halitajwi. Wanachuoni wa Kishafi waliuliza: mtu akiuona mwezi wa Mfunguo Mosi peke yake, ushahidi wake ukakataliwa, afanye nini? Wakajibu kwamba afungue, kwa kuwa yeye ana yakini, lakini afungue kwa siri. Kwa nini kwa siri, na hali yuko kwenye haki? Ili asijitie katika tuhuma wala asiwavunjie watu heshima ya siku yao. Tirmidhi naye amepokea hadithi yenye maana kwamba siku ya kufunga ni ile mnayofunga pamoja na siku ya kufungua ni ile mnayofungua pamoja. Dini imeitazama ibada ya mtu, na palepale imeutazama mji anaoishi.

Hukumu hiyo ya siri ndiyo jawabu langu kwa barua ya Tanga. Aliyetangulia kula Idi kwa kuifuata rai anayoiamini hana lawama. Lakini sufuria ya pilau uani, mbele ya watoto waliofunga, inagusa haki ya jirani, na haki hiyo haingoji mwandamo. Angeweza kupika ndani, au kuchelewesha mpaka alasiri, akapeleka sahani kila chumba adhana ya magharibi ikilia. Aliyefunga naye asikae mlangoni kuhesabu nani ametafuna nini. Mtoto aambiwe ukweli kwa lugha yake: mwezi ni mmoja, wengine wameuamini kwa kusikia habari na sisi tumengoja kuuona, na kesho ni zamu yetu kuwapa wao mkono wa Idi. Miaka minane inatosha kulielewa hilo. Na mume na mke wanaotofautiana katika nyumba moja wakubaliane katikati ya Shaabani, si usiku wa mwezi 29 saa nne, simu ziko mkononi.

Ombi langu kubwa nalielekeza kwa maimamu na kamati za misikiti. Kabla Ramadhani haijaingia, tangazeni hadharani msikiti wenu unafuata mwandamo upi na kwa hoja ipi, ili asiwepo muumini wa kubahatisha usiku wa manane. Mkimaliza kueleza hoja yenu, elezeni na ya wenzenu, kwa heshima ileile. Hotuba ya Idi isitumike kuwahukumu waliofunga siku hiyo wala waliokula jana yake.

Toleo lijalo, inshallah, nitaingia kwenye funga ya Arafa ya Mfunguo Tatu, ambayo ni ngumu zaidi, kwa sababu pale mahujaji wanasimama uwanjani kwa siku inayojulikana na dunia nzima inawaona. Wenye maswali juu ya hilo wayalete mapema.