Kabla ya kukopa ununue mashine ya kupachika vijenzi, hesabu aina za bodi zako

Ukifungua taa ya sola iliyozimika, utakuta ndani kibao cha kijani chenye vidoa vyeusi na vya kahawia. Si uchafu huo. Kila kidoa ni kijenzi chenye kazi yake: kimoja kinapunguza umeme, kingine kinautunza kwa muda mfupi, kingine kinaamua betri imejaa au bado. Vingi vina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8, na viko vidogo zaidi ya hivyo. Fundi mwenye kibanio, lenzi na subira anaweza kuvilehemu kwa mkono. Taa ya kwanza ni kazi, ya mia ni adhabu.

Kikundi cha mafundi wanaotengeneza taa za sola na vidhibiti vya chaji kilituandikia. Wanataka kuchukua mkopo wanunue mashine ya kupachika vijenzi hivyo kwenye bodi. Tangazo waliloliona kwenye simu linasema mashine hupachika vijenzi 10,000 kwa saa. Wanauliza kama inatosha. Hewani muda ulitubana, kwa hiyo tunawajibu hapa, na wewe msikilizaji unayefikiria biashara kama hiyo usome pia.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwanza bodi hupakwa lehemu laini kama dawa ya meno, kupitia bati jembamba lenye matundu pale tu lehemu inapotakiwa. Ndipo inaingia kwenye mashine. Vijenzi huja vimepangwa kwenye tepu ndefu iliyoviringishwa kwenye gurudumu la plastiki, na kila tepu hukaa kwenye kifaa kinachoisogeza hatua moja moja. Sisi tutakiita kilishio. Mkono wa mashine una nozeli inayonyonya kijenzi kwa hewa. Kamera hukitazama kimekaa vipi, mkono hukinyoosha, kisha hukiweka juu ya lehemu. Mwisho bodi hupita kwenye tanuri. Lehemu isiyo na risasi huanza kuyeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi, hivyo tanuri hupandishwa hadi 240 au zaidi kidogo kabla ya bodi kupozwa.

Maana yake ni kwamba mashine hii haifanyi kazi peke yake. Lehemu ikipakwa vibaya au tanuri likipasha upande mmoja, vijenzi vitasimama wima kama mawe ya makaburi, hata mashine iwe ya bei gani.

Watengenezaji wa mashine hizi wako wengi, na majina mengine mnayajua kwa kazi nyingine. Juki wa cherehani wanazitengeneza. Yamaha wa pikipiki nao vilevile.

Sasa ile 10,000 kwa saa. Kasi ya kwenye tangazo kwa kawaida hupimwa katika hali nzuri kuliko zote: vijenzi vidogo, vilishio karibu, hakuna kubadilisha nozeli. Kazini inashuka, mara nyingi sana. Tuseme imeshuka hadi nusu, vijenzi 5,000. Kama taa moja ina vijenzi 45 na kikundi kinatengeneza taa 100 kwa siku, hivyo ni vijenzi 4,500. Mashine inamaliza kabla ya saa moja kwisha. Kasi si tatizo lao kabisa, na wakilipia zaidi ili wapate mashine ya 20,000 watakuwa wamenunua muda wa kukaa bure.

Kinachokula siku ni kubadilisha kazi. Asubuhi mnatengeneza taa, mchana kidhibiti cha chaji chenye vijenzi vingine. Kila tepu itolewe, nyingine iwekwe, na mtu ahakikishe iko mahali pake. Ukiweka tepu ya vijenzi vya omu 10 palipotakiwa vya omu 10,000, mashine haitagombana nawe. Itapachika tu, kwa usahihi mkubwa, taa zote 100 za siku hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe nafasi za vilishio. Kidhibiti chenye aina 28 za vijenzi kwenye mashine yenye nafasi 20 kitapita mara mbili, au aina nane mtazimalizia kwa mkono. Muulize pia vilishio vingapi vimo kwenye bei, kwani mara nyingi huuzwa kando na jumla yake huumiza. Na kamera je, inatazama kila kijenzi, hata chipu zenye miguu iliyobanana? Mashine za bei ya chini kabisa nyingine hazina kamera ya kazi hiyo.

Mashine kubwa iliyotumika huvutia kwa bei. Lakini huenda ikazidi tani moja, itake umeme wa fezi tatu na kompresa ya hewa kavu, na programu yake iwe kwenye kompyuta ya zamani ambayo ikifa hakuna wa kuifufua. Hata ndogo inahitaji umeme usiorukaruka na chumba kisicho na vumbi. Nozeli ikiziba, mtapata nyingine wapi, baada ya siku ngapi?

Tungewashauri wampe muuzaji bodi yao wenyewe aitengeneze wakiangalia, hata kwa video ya simu, saa ikihesabiwa tangu vilishio vikiwa vitupu.

Na kabla ya mkopo, iko njia nyingine. Nairobi kuna kampuni iitwayo Gearbox Europlacer inayowapachikia wateja vijenzi kwenye bodi zao. Walioko nje ya Kenya wataongeza ushuru na usafiri kwenye hesabu. Kwa kikundi kisichojua bado kama kitauza taa 100 kwa siku, sisi tungeanzia huko.

Tulipowauliza wana aina ngapi za bodi, walisema nne. Aina za vijenzi hawajawahi kuzihesabu. Wanazihesabu wiki hii.