Je, Wajua? Dola 3 Zilizochekesha Marekani

Sogea hapa benchini nikuchekeshe kidogo. Habari zenyewe ni za Erma Bombeck, mama wa nyumbani wa Ohio, Marekani, aliyetafuta riziki kwenye rundo la nguo chafu.

Je, wajua kwamba akiwa bado msichana wa kutumwatumwa gazetini alimhoji Shirley Temple, mtoto nyota wa sinema aliyejulikana dunia nzima? Mahojiano yakachapishwa. Wewe umri huo ulikuwa ukimhoji nani?

Je, wajua kuwa katika chuo chake cha kwanza aliambiwa asahau habari za uandishi? Akahamia Chuo Kikuu cha Dayton, na mtawa mmoja mwalimu akamwambia tu: unaweza kuandika. Leo chuo hichohicho huandaa warsha ya waandishi yenye jina lake!

Je, wajua kwamba madaktari walimwambia si rahisi apate mtoto? Mwaka 1953 yeye na mumewe Bill wakaasili msichana. Baadaye Erma akajifungua mvulana, kisha akaongeza wa pili!

Je, wajua kuwa safu yake ya gazetini aliianza mwaka 1964, akiwa na miaka 37, kitinda mimba wake alipoanza shule? Malipo: dola 3 kwa makala. Umesikia vizuri, tatu!

Ofisi je? Ubao uliolazwa juu ya matofali ya saruji, chumbani kwake. Basi ndugu yangu, usinililie tena kwamba huna meza.

Je, wajua kwamba mwaka 1965 gazeti kubwa la mjini, Dayton Journal Herald, lilimpa dola 50 kwa makala 2 kila wiki? Wiki 3 baadaye makala zake zikaanza kusambazwa kwa magazeti 36. Mwezi haujaisha!

Usishangae bado. Enzi za kilele chake, magazeti yaliyomchapisha yalifika 900 hivi, na wasomaji wake walikisiwa kuwa milioni 30. Na walikuwa wakisoma nini? Vyombo, watoto, waume na nguo za kufua!

Je, wajua kuwa jirani yake wa ng'ambo ya barabara alikuwa Phil Donahue, aliyekuja kuwa mtangazaji maarufu wa televisheni? Mtaa mmoja, nyota wawili. Hebu mchungulie jirani yako vizuri.

Je, wajua kwamba kitabu chake cha mwaka 1976 kina jina linalosema nyasi hustawi zaidi juu ya shimo la maji taka? Miaka 2 baadaye kikawa filamu ya televisheni, mhusika mkuu akiigizwa na Carol Burnett.

Televisheni nayo ilimpenda: alichekesha kwenye kipindi cha asubuhi cha ABC kwa miaka 11. Lakini tamthilia ya vichekesho aliyoibuni mwenyewe, Maggie, ilirusha vipindi 8 tu ikazimwa. Hata fundi wa kicheko hukosea chumvi!

Je, wajua kwamba alianza kuugua figo tangu akiwa na miaka 20, na hakuwatangazia wasomaji mpaka mwaka 1993? Zaidi ya miaka 40 alilificha lake moyoni, wasomaji wakicheka tu. Alipandikizwa figo tarehe 3 Aprili 1996, akafariki tarehe 22. Makala yake ya mwisho ilitoka tarehe 17, siku 5 tu kabla!

Je, wajua kuwa kaburi lake kule Dayton limewekewa jiwe la tani 13 hivi, lililosafirishwa kutoka jangwa la Arizona alikohamia? Kwa aliyeanzia kwenye matofali, hilo nalo ni tofali!

La mwisho, kabla hujainuka. Je, wajua mkataba ule wa dola 50 ulitaka maneno mangapi kwa makala? 450. Yaani kama safu hii unayoimaliza sasa. Mimi hii moja tu imenitoa jasho. Mwenzangu aliandika zaidi ya 4,000, na wali jikoni unamngoja!