Picha ya Timu Ukutani

Wageni wakipita Kakamega, magharibi mwa Kenya, siku ya mechi ya soka ya shule za upili husema wameona fujo: wanafunzi wanakimbia barabarani na matawi ya miti, ngoma zinalia, matatu hazipiti. Sisi tuliokulia huko tumechoka kusikia neno hilo. Ile ni isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, inayochezwa harusini, mtoto anapozaliwa na mzee anapozikwa. Ngoma huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Basi Green Commandos, timu ya shule ya Kakamega High, walipokwenda uwanja wa Bukhungu kupambana na shule ya Musingu, ngoma ingebakije nyumbani? Mfungaji aliimbwa kwa jina la ukoo wake, na mjomba wake aliyekuwa jukwaani alilia hadharani bila haya.

 

Jezi walizovaa wachezaji zilikuwa mali ya shule. Baada ya mechi zilihesabiwa, zikafuliwa na kufungiwa stoo zingoje kikosi cha mwaka ufuatao. Alichobaki nacho mchezaji ni picha. Ya kaka yangu ninayo: mabeki wamesimama mikono kifuani, washambuliaji wamechuchumaa, mpira uko mbele ya kapteni umeandikwa mwaka kwa chokaa. Nyuma kuna majina yote kwa kalamu ya wino, hata la kijana aliyebeba maji. Mgeni akija kwetu, Mama alimpa albamu kabla ya chai, na ilimbidi aambiwe kipa ni nani.

Shule moja ya kwetu ilipopaka ukumbi rangi, picha za timu zilizojaa ukutani zilichomwa pamoja na karatasi za mitihani. Hakuna mzazi wala mwanafunzi wa zamani aliyeulizwa. Nikikumbuka hilo naumia mpaka leo, kwa sababu wachezaji wale sasa wanazikwa, na familia zinahangaika kutafuta picha ya ujana ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Waliosoma huko wana nakala masandukuni. Wazipeleke shuleni zipigwe upya na kuandikwa majina, wangali hai wanaoweza kusema huyu ni nani na alicheza namba ngapi.