Masimango Mlangoni pa Chuo

Barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, kahawa ya alasiri wiki iliyopita ilipoa vikombeni kwa ajili ya vyuo vikuu vya Marekani. Aliyelizua jambo ni mwalimu mmoja mstaafu. Alitaka tumwambie: mtoto ambaye wazee wake walifungiwa skuli, akija kugonga mlango wa chuo, apimwe kwa mizani ile ile ya mwenzake aliyezaliwa nyumba yenye vitabu?

Fundi wetu wa majahazi akamjibu papo hapo kwamba bahari haiulizi fundi alikuwa fukara au tajiri. Chombo huvuja au hakivuji. “Nawe Maalim ukiumwa, wataka daktari aliyefaulu au aliyeonewa huruma?”

“Huruma, kama ni huruma, ilimwingiza tu,” akasema mwalimu. “Mtihani wa kutokea ni mmoja kwa wote.”

Msomaji, ubishi huu Wamarekani wameubishana miaka na miaka. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson, akihutubia Chuo Kikuu cha Howard, alisema si insafu kumfungua mtu minyororo ya miaka mingi, ukamsimamisha penye mstari wa mbio, kisha ukadai kuwa sasa mashindano ni ya haki. Vyuo vikaanza kuwatazama Weusi na wengineo waliotengwa kwa jicho la pekee. Skuli ya udaktari ya Davis, California, iliwawekea nafasi 16 katika kila 100. Mzungu mmoja, Allan Bakke, aliyekataliwa hapo mara mbili, akashtaki, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikaamuru aingizwe. Kutenga idadi ya nafasi kukawa marufuku, ila rangi ya mtu ikaruhusiwa kuangaliwa pamoja na mambo mengine. Ruhusa hiyo iliishi miaka 45. Tarehe 29 Juni, 2023, katika kesi za Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, mahakama hiyo hiyo iliufunga mlango. Walioshtaki walidai kwamba vijana wenye asili ya Asia wanaonewa, na hilo si dai la kupuuzwa, kwani kiti ni kimoja. Akikalia huyu, yule husimama. (Mlango wa watoto wa waliosoma Harvard zamani, huo hukumu haikuugusa.)

Lililonishughulisha mimi ni majaji wawili waliokuwa katika hukumu ile. Clarence Thomas ni Mweusi aliyelelewa na babu yake huko Georgia. Sonia Sotomayor ni binti wa wazazi wa Puerto Rico, amekulia Bronx, New York. Wote wawili walisomea sheria Yale, Thomas akamaliza 1974 na Sotomayor 1979, zama ambazo chuo hicho kilikuwa kikiwatafuta vijana kama wao. Siku ya hukumu, Thomas aliunga mkono kufunga, Sotomayor akapinga kwa ukali. Katika kitabu chake cha mwaka 2007 Thomas asimulia kuwa alipotafuta kazi mawakili walimtilia shaka, kana kwamba shahada yake ni ya kuazima. Akachukua kijikaratasi cha bei, senti 15, akakibandika kwenye fremu ya shahada ile. Sotomayor naye hafichi alikopitia. Asema alifikishwa penye mstari tu, mbio alikimbia mwenyewe.

Kiswahili kina neno kwa kidonda cha Thomas: masimango. Mtu akupe tonge, kisha kila ukitafuna akukumbushe.

Nayajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 niliingia chuo ambacho sitakitaja, kwa nafasi zilizowekewa sisi wa wilaya za pwani. Nilikuwa nimekwisha hitimu Kurani kabla sijaweza kuandika barua ya Kiingereza iliyonyooka. Wenzangu wakaniita “wa kota”. Nikipata alama nzuri, mwalimu ameambiwa, nikianguka, hatukuwaambieni? Miaka mingi nilikuwa upande wa Thomas, hata siku moja nikakaa nikahesabu. Katika walionisimanga, wawili baba zao walijuana na wakubwa wa chuo. Wao hawakuwa na jina la kuitwa.

Hata hivyo fundi wa majahazi hajanitoka moyoni. Kiti nilichokikalia, ni nani aliyesimama kwa ajili yangu? Huenda ni mtoto wa bara, fukara kuliko mimi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 56, yaitaka serikali iwape walio wachache na waliotengwa nafasi maalumu katika elimu. Juzi binti ya ndugu yangu aliniletea fomu ya basari. Penye kuuliza jamii yake alikuwa amepaacha wazi.

“Ami, nikijaza hapa, si watasema nimepita kwa kabila?”

“Watasema, mwanangu.”

Akakaa na kalamu mkononi. Mwadhini aliadhini magharibi, naye bado hajaandika.