MPIGA PICHA WA LUBUMBASHI



Katika nchi ya Kongo, kusini kabisa, uko mji uitwao Lubumbashi. Ni mji wa machimbo ya shaba. Watu wake husema Kiswahili, ingawa si sawa na chetu cha pwani. Huko alizaliwa Bwana Sammy Baloji mwaka 1978.

Kwanza alichora katuni. Alipiga picha ili zimsaidie kuchora. Baadaye picha zenyewe zikawa kazi yake.

Je, ni picha gani hizo? Si za harusi wala za pasipoti. Kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba iliacha picha nyingi za kale. Ndani yake wamo wafanyakazi Waafrika. Bwana Baloji alizichukua. Kisha akaenda kwenye viwanda vilivyobaki magofu, akavipiga picha. Halafu akawatoa watu wa kale kwenye picha zao, akawaweka ndani ya picha mpya. Ukitazama utaona babu amesimama kati ya vyuma vyenye kutu. Anakutazama wewe. Ni kama anauliza jasho lake limekwenda wapi.

Picha hizo ni za mwaka 2006. Mwaka 2007 alipata tuzo mjini Bamako, nchi ya Mali.

Kazi yake nyingine inahusu mbu. Hapa Mbuchi mbu tunawajua! Zamani wakoloni wa Lubumbashi waliacha uwanja mtupu wa mita 500 kati ya mitaa ya Wazungu na mitaa ya Waafrika. Walidai kuwa mbu wa malaria hawezi kuruka mbali zaidi ya hapo. Bwana Baloji aliupiga picha mji kutoka angani. Kando ya picha hizo akaweka picha za wadudu. Watu wa Venice, Italia, walizitazama mwaka 2015.

Yeye pia ni mwalimu. Mwaka 2018 alifundisha mjini Salzburg, nchi ya Austria. Lakini kazi ninayoisifu zaidi ameifanya kwao. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha chama cha wasanii Lubumbashi. Walikiita Picha. Chama hicho huwasaidia vijana kujifunza sanaa, na huandaa maonyesho makubwa.

Je, wewe unayo picha ya kale nyumbani? Usiiache kwenye unyevu. Huku kwetu deltani huharibika upesi. Muulize mzee majina ya waliomo, kisha yaandike nyuma yake kwa penseli, pamoja na mahali na mwaka. Usikandamize sana.