Kwa nini unapewa vidonge vitatu vya presha?

Kama ulivuka mpaka wa Mpondwe ukiwa tayari na presha, labda ulianzishiwa kidonge kimoja Bwera, ukaongezewa kingine Kasese, na leo una vitatu. (Hospitali ya Bwera wengi mnaikumbuka kwa Ebola ya Juni 2019, lakini wagonjwa wa presha wapo kila siku.) Huenda unajiuliza: ugonjwa ni mmoja, vidonge vitatu vya nini?

Jibu liko kwenye homoni. Figo zikihisi damu au chumvi imepungua mwilini, hutoa renini. Renini huanzisha kutengenezwa kwa anjiotensini, ambayo hubana mishipa ya damu. Anjiotensini nayo huziamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozuia chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Mishipa ikibanwa na maji yakijaa, presha hupanda. Ikifika 180 kwa 110 au zaidi, hiyo ni presha kali.

Sasa meza kidonge cha kukojoza, kama haidroklorothiazidi. Chumvi na maji hutoka, presha hushuka. Lakini figo huona kama mwili unakauka, basi huongeza renini, na aldosteroni hupanda nyuma yake. Mwili unashindana na dawa! Ndiyo maana daktari huongeza kaptoprili au enalaprili, zinazozuia anjiotensini isitengenezwe, aldosteroni hushuka. Nifedipini na amlodipini zenyewe hulegeza mishipa. Propranololi hupunguza renini na kutuliza moyo.

Kwa hiyo usichague kimoja na kuacha vingine. Ukiacha propranololi ghafla, moyo huenda mbio na presha inaweza kurudi kwa nguvu. Kutojisikia mgonjwa si dalili ya kupona, maana presha mara nyingi haiumi.

Wala usimpe jirani vidonge vyako. Kaptoprili na enalaprili zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito hupewa dawa nyingine, kama methildopa. Ukishika mimba ukiwa unazitumia, usingoje siku ya kliniki, nenda mara moja. Kuna pia spironolaktoni, inayozuia kazi ya aldosteroni pale presha inapokataa kushuka. Hiyo hugusa hata homoni za uzazi, na mwanamume anaweza kuvimba matiti. Wanaume huona aibu, wanaacha dawa kimya kimya. Mwambie mhudumu, anaweza kukubadilishia. Kikohozi kikavu kisichokwisha kwa mtu anayemeza kaptoprili kisemwe pia, kisidhaniwe ni kifua tu.

Tunaishi karibu na ziwa Katwe, na chumvi yake iko kila soko. Iwe ya Katwe au ya paketi, ikizidi chunguni huvuta maji mwilini na kuvunja kazi ya vidonge. Punguza nusu kwanza. Ulimi utazoea baada ya wiki chache.

Ukienda kituo cha afya, beba pakiti zote, hata zilizoisha, na za mitishamba. Ukitakiwa kupimwa aldosteroni, dawa hizi hubadilisha majibu, hivyo daktari ajue unachomeza. Usiache mwenyewe kabla ya kipimo. Kichwa kikiuma vibaya sana, macho yakififia, kifua kikibana au upande mmoja wa mwili ukilegea, usingoje kesho: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.